Gemu za mashine za sarafu sebuleni Lubumbashi: Play 2, mkusanyo mpya, gemu moja moja, au kifimbo cha elfu kumi?

Jumamosi moja mdogo wangu alinipigia simu kutoka soko la Kenya. Nasema Kenya ya hapa Lubumbashi, komini, siyo nchi. "Yaya, kuko kamashini hapa, kako na jeu elfu kumi! Ninunue?"

Nikamuuliza atacheza ngapi kati ya hizo. Kimya kidogo, halafu: "Pac-Man, Street Fighter, na ile ya maaskari." Ile ya maaskari ni Metal Slug. Elfu kumi zimekwisha kuwa tatu kabla hajatoa hata faranga.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niliandike. Ukitaka kucheza nyumbani gemu zilizotengenezwa kwa mashine za sarafu, zile za kusimama mbele ya kabati na kuingiza kijisarafu, njia zilizo karibu nasi ni nne. Ya kwanza ni Play 2 (PlayStation 2) ya mtumba na diski za mikusanyo ya zamani, yaani gemu nyingi ndani ya diski moja. Ya pili ni mkusanyo rasmi wa kisasa, hasa kwa diski au kaseti, kwenye PlayStation 4 au Nintendo Switch. Ya tatu ni kununua gemu moja moja kwa intaneti kwenye mashine hizo hizo, hasa ule mfululizo wa Arcade Archives wa kampuni ya Hamster ya Japani. Ya nne ni kile kifimbo kinachochomekwa nyuma ya televisheni, chenye manete mbili (vile vya kushika mkononi na kubonyeza) na maandishi "10000" kwenye kasha.

Nazipima kwa mambo matano: umeme, mega za intaneti, mchezo wenyewe unavyochezeka, watu watakaokaa sebuleni, na mfuko. Mpangilio huo si wa bahati. Nchi nyingine wangeanza na bei.

Umeme

Umeme wetu unatoka kwenye maporomoko: Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira. Kiangazi kikifika mwisho maji hupungua, na mvua zikianza radi huja nazo. Kwa hiyo swali la kwanza si "ina gemu ngapi" bali "umeme ukikatika katikati ya mchezo, nini kinatokea?"

Play 2 huzima tu. Haina diski kuu ya kuharibika, na ile nyembamba hula umeme kidogo, kwa hiyo hata paneli ya jua yenye betri ya wastani na inveta inaibeba, ukihesabu pia televisheni. Hatari yake ni moja: umeme ukikatika wakati inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, ile ya mega 8, faili hilo huenda likafa. Gemu nyingi za mashine za sarafu hazina cha kuhifadhi zaidi ya alama za juu, basi hasara si ya kulilia.

PlayStation 4 ndiyo inayoteseka zaidi. Ina diski kuu inayozunguka ndani, na ikizimwa ghafla hukukaribisha na onyo pamoja na ukaguzi mrefu ukiiwasha tena. Yangu ilikatikiwa mara tatu katika wiki moja ya Novemba, na kila mara nilikaa nikiangalia ule mstari unavyojaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ukiichagua, nunua kwanza kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, gemu baadaye.

Switch ina betri yake. Umeme ukikatika unaitoa kwenye kituo chake na kuendelea mkononi ulipoishia. Ile ya kwanza ya 2017 hudumu kati ya saa mbili na nusu na sita na nusu. Ile iliyorekebishwa ya 2019 hufika nne na nusu hadi tisa. Gemu hizi za zamani si nzito, nazo huipa betri nafuu. Katika kipimo hiki peke yake hakuna inayoikaribia, iwe unacheza mkusanyo wa kaseti au gemu za Arcade Archives.

Kifimbo nacho kina jambo zuri ambalo wauzaji hata hawalisemi: kinakula volti 5 tu kwa waya wa USB, kwa hiyo pawabenki ya simu inakitosha. Televisheni ndiyo inabaki tatizo.

Mega

Play 2 na kifimbo hazihitaji intaneti hata kidogo. Kwa mtu wa Katuba anayenunua forfé ya wiki, yaani kifurushi cha intaneti, na kuigawa na watoto wa shule, hiyo ni sifa kubwa.

Mikusanyo ya kisasa inahitaji jicho. Diski ya PlayStation 4 hujinakili kwenye diski kuu bila intaneti, kisha marekebisho unaweza kuyaacha. Kaseti ya Switch huchezwa palepale, ila soma jalada: kuna makasha ya Switch yanayouzwa yakiwa na msimbo wa kupakua tu, na mengine yana sehemu ya gemu kwenye kaseti na sehemu nyingine mtandaoni, na onyo huandikwa mbele kwa herufi zisizo kubwa sana. Ukimtuma shangazi aliyeko Bruxelles, mwambie wazi anunue yenye kaseti ndani. Diski za PlayStation 4 na kaseti za Switch hazifungwi kwa eneo, kwa hiyo ya Ubelgiji, ya Afrika Kusini au ya Dubai zote zitacheza.

Arcade Archives ni intaneti tupu. Habari njema ni kwamba gemu ya 1984 ni ndogo. Nyingi nilizopakua hazikuifikia giga, wala hata nusu yake. Kazi iko kwenye akaunti. Kongo haimo katika orodha ya nchi za duka la PlayStation, hivyo watu hufungua akaunti ya nchi nyingine, na hapo unakuwa mgeni kwenye nyumba ya mtu: masharti yanataka nchi unayoishi, nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na kadi ya malipo lazima iwe ya nchi hiyo hiyo. Akaunti ya Ufaransa haili kadi ya Marekani. Rafiki yangu mmoja ana kadi ya dola 20 kwenye droo mpaka leo. Nintendo hulegeza kidogo, kwa kuwa nchi ya akaunti unaweza kuibadilisha. Ukishapakua na mashine ikawekwa kama ya msingi kwa akaunti yako, unacheza bila mtandao.

Mchezo wenyewe

Hapa ndipo maneno yangu ni mengi, mnisamehe.

Play 2 kwanza. Mikusanyo yake ilitengenezwa vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Capcom Classics Collection ya 2005 ina gemu 22, na ndani yake kuna Street Fighter II, Final Fight, 1942 na Ghosts 'n Goblins. Metal Slug Anthology inazo saba, kuanzia ya kwanza hadi ya 6. Taito Legends ina Space Invaders, gemu ya 1978 ya Tomohiro Nishikado iliyoifundisha dunia kungoja zamu. Na ukiiunga kwenye televisheni ya chogo, zile nzito za kioo kinene, kitufe na kitendo vinakwenda pamoja bila kuchelewa, kama kwenye kabati lenyewe. Televisheni za chogo bado zipo majumbani, na bei yake ni karibu na kubebewa tu.

Ila jihadhari na mambo mawili. Play 2 imefungwa kwa eneo: ya Ulaya haisomi diski ya Marekani bila kufunguliwa na fundi. Pia gemu za Ulaya za wakati huo nyingine zilikwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde badala ya 60 ya asili. Ni karibu moja ya sita ya mwendo inayopotea, na katika gemu ya kupigana moja ya sita ni mtu mwingine kabisa. Baadhi ya diski zinakuuliza mwanzoni uchague 50 au 60, chagua 60. Ikiwa televisheni ni ya zamani na picha ikatoka nyeusi na nyeupe, gemu haijaharibika, ni televisheni isiyoelewa mfumo huo wa rangi. Nalo vumbi letu jekundu la Agosti halina huruma na jicho la leza.

Mikusanyo ya kisasa ndiyo imefika mbali zaidi katika kuheshimu kitu chenyewe. Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018 inazo 12, na nne kati yake huchezwa hata na mtu wa mbali mtandaoni. Atari 50 ya 2022 haina mfano: gemu zaidi ya mia moja zimepangwa kwa kalenda, katikati kuna mahojiano ya video na waliozitengeneza, michoro, barua. Unaingia kucheza Asteroids ya 1979, unatoka saa mbili baadaye unajua kampuni ilivyopanda na kuanguka. Capcom Arcade Stadium ya 2021, yenye gemu 32, inakuruhusu kurudisha mchezo nyuma ukifa na hata kupunguza kasi. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni rehema.

Tatizo la hizi liko kwenye televisheni bapa. Nyingi huchakata picha kabla ya kuionyesha, na mkono unabonyeza sasa, askari anaruka baadaye. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta "Jeu", yaani hali ya michezo, iwashe. Nimeona watu wawili wakigombana kuhusu manete mbovu ambayo haikuwa mbovu.

Arcade Archives inachukua njia ya mtawa. Kila gemu inakuja peke yake, pamoja na mipangilio ya ndani ambayo zamani mwenye mashine tu ndiye aliyeigusa: idadi ya roho, ugumu, alama za kupewa roho ya ziada. Juu ya hapo kuna hali mbili za ushindani. Moja inahesabu alama kwa mchezo mmoja bila kuendelea. Nyingine inakupa dakika 5 tu. Nitairudia hiyo.

Kifimbo sasa, kwa haki. Michezo kama Pac-Man ya 1980 inacheza vizuri tu juu yake, na mtoto hataona tofauti. Lakini orodha ya elfu kumi imejazwa kwa matoleo yaleyale yenye majina tofauti, nakala za Kijapani, nakala zilizochezewa na mtu asiyejulikana, na mara nyingi unachofungua si gemu ya mashine ya sarafu bali toleo dogo la konsoli ya miaka ya 80. Gemu za baadaye hukwaruza sauti au kukokota. Tena angalia: Metal Slug 2 ya 1998 ilikuwa inakokota hata kwenye mashine yake halisi skrini ikijaa, ndiyo sababu mojawapo ya kutolewa Metal Slug X mwaka uliofuata. Hiyo usimlaumu muuzaji.

Na sasa sarafu. Gemu hizi ziliundwa kula pesa. Ugumu wake, urefu wake, yule jitu wa mwisho asiyekufa, vyote vilipigiwa hesabu ya mtu mwenye sarafu chache mfukoni. Ukizileta nyumbani ambako kitufe kimoja kinakupa sarafu zisizokwisha, unaimaliza Metal Slug kwa jioni moja, umekufa mara sitini, na hukuhisi chochote. Mashine zote nne zina ugonjwa huu. Dawa yake ni kanuni ya nyumba: sarafu moja, ukifa unampa mwenzako. Ndiyo kanuni tuliyokulia nayo katika vyumba vya michezo, anayefungwa anatoka, na sisi tulikuwa tunalipa kwa mechi. Arcade Archives ndiyo iliyoijenga kanuni hiyo ndani yake. Kwingine lazima uisimamie mwenyewe, kama mama anavyosimamia sukari.

Watu sebuleni

Switch inakuja na manete inayogawanyika mbili, basi wawili wanaanza siku hiyo hiyo. Lakini nusu moja ya manete hiyo ni ndogo, na Street Fighter II inataka vitufe 6. Vidole vya mtu mzima vinagongana. Gemu za Neo Geo, mashine ya kampuni ya SNK iliyobeba Metal Slug, za vitufe 4, zinakaa vizuri zaidi. PlayStation 4 inakuja na manete moja. Ya pili ni gharama ya kuhesabu mapema. Play 2 ina matundu mawili ya mbele, na manete zake zinapatikana kila kona, nzima na za kubahatisha. Kifimbo kina mbili zisizo na waya, zinazokula betri ndogo mbilimbili, na mkono wako utaona kuchelewa kidogo.

Kwa nyumba ya watu wengi mikusanyo ya kisasa ina utajiri wa peke yake. Capcom Beat 'Em Up Bundle ya 2018 ina gemu 7 za kupigana mitaani bega kwa bega, na baadhi zinabeba wanne. Cowabunga Collection ya wale kasa wapiganaji (Teenage Mutant Ninja Turtles), ya 2022, ina 13, zikiwemo mbili za mashine za sarafu za watu wanne. Mimi ningeuza mwavuli wangu kwa hizo mbili, na ninaishi Lubumbashi Januari.

Mfuko

Kifimbo ni rahisi kuliko vyote, na Play 2 ya mtumba inafuata. Lakini tuseme wazi: gemu zilizomo kwenye kifimbo hazikulipiwa leseni, na diski nyingi za Play 2 zinazouzwa kwenye meza zimechomwa kwenye kompyuta ya mtu. Wapo wasiojali; wapo wanaojali. Diski halisi za zamani bado hupatikana kwa subira.

Diski na kaseti mpya ni ghali siku ya kwanza, kisha zinakurudishia: unaazima, unabadilishana, unauza. Ulichopakua hakiuziki. Arcade Archives ni takriban dola 8 kwa gemu, na hapo hesabu inategemea mdogo wangu alivyojibu swali langu. Anayetaka tatu analipa kama 24. Anayetaka ishirini anunue mkusanyo. Na mikusanyo rasmi nayo usiihesabu kwa macho yaliyofumba: katika zile 12 za Street Fighter, tano ni matoleo ya Street Fighter II.

Kwa hali yako

Ukikaa mahali umeme unakuja usiku wa manane na kuondoka alfajiri, na una uwezo, Switch yenye kaseti moja ya mkusanyo itakuonyesha faida yake ndani ya wiki ya kwanza.

Ukiwa na televisheni ya chogo inayofanya kazi, na mapenzi yako ni Capcom, SNK na Taito, Play 2 nyembamba ni chaguo ambalo halina aibu yoyote. Ijaribu mbele ya muuzaji kwa diski mbili tofauti, moja ya fedha na moja ya buluu kwa nyuma, uone kama jicho linazisoma zote. Usikubali "itasoma nyumbani."

PlayStation 4 ikiwa tayari ipo nyumbani kwa ajili ya mpira, usinunue mashine nyingine. Ongeza mkusanyo mmoja na manete ya pili.

Wewe unayejua gemu zako mbili au tatu kwa majina na mwaka, unayetaka kupigania alama tu, Arcade Archives ni yako, alimradi suala la akaunti na kadi umelimaliza kabla ya kulipa.

Kwa watoto wadogo wa likizo, au baba mkwe anayetaka Pac-Man na si zaidi, kifimbo kitafanya kazi hiyo. Nunua mahali utakaporudi kukibadilisha, na ukifika nyumbani nakili ile kadi ndogo ya kumbukumbu kwenye kompyuta siku ileile, maana ndiyo inayokufa kwanza.

Mdogo wangu hakununua kifimbo. Alirudi na Play 2 ya jirani aliyehama, diski ya Namco Museum yenye mkwaruzo mmoja, na manete moja isiyo na mpira wa kidole. Kwenye ukuta wa baraza yao sasa kuna namba ya chaki: 48,320, Pac-Man, sarafu moja. Si yake. Ni ya mke wake, na anasema mvua ikifuta ile chaki ataiandika kwa rangi.